Ngamia Kalipiwa na Nani?

Wasomaji wetu wa mwambao, kuanzia Lamu hata Kilwa, wakilisikia jina la Tunduma aghlabu huuliza: ndiko wapi huko? Jawabu lake ni kwamba ukitoka Dar es Salaam ukaifuata barabara kuu ya Zambia, ukapita Morogoro, Iringa na Mbeya, usigeuke popote, basi pale utakapoambiwa simama utoe pasipoti, hapo ndipo Tunduma. Mji huu umo katika mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa ule wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia. Mimi ni mtu wa Tanga; nilikuja hapa mwaka 1997 na mizigo ya vitenge, nikaizoea baridi, na hivi leo dukani kwangu shilingi na kwacha hulala katika sanduku moja.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya kamari ya mipira, ile iitwayo siku hizi kubeti. Najua mtu atasema: hilo twalijua, ni haramu, khatibu ameshatuhutubia mara ngapi. Ni kweli. Walakin niliyo nayo ni habari ya nyumba moja ya Tanga ambayo ndani yake hakuna aliyecheza kamari, wala aliyejua inachezwaje, na kamari ikaingia humo ikaketi mkekani, ikala futari pamoja na wenyeji.

Mjue kwanza mji ulivyo. Tunduma ni mji wa kungoja. Malori yaendayo Zambia na Kongo husimama foleni kando ya njia, na ijapokuwa mwezi wa Oktoba 2019 marais wa nchi mbili hizi, Magufuli na Lungu, walikifungua kituo cha pamoja cha forodha ili msafiri akaguliwe mara moja tu, bado dereva aweza kulala hapa siku mbili, tatu, na zaidi. Dereva anangoja karatasi, utingo anamngoja dereva, mama ntilie anawangoja wote wawili, na mbadili fedha amekaa na bunda lake la kwacha akingoja bei ipande. Hata saa zetu hazipatani: Nakonde wako nyuma yetu kwa saa nzima, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani jua hilo hilo moja linatua, sisi tunafuturu saa kumi na mbili na dakika hamsini na wenzetu wa ng'ambo, umbali wa kurusha jiwe, wanafuturu saa kumi na moja na dakika hamsini. (Kuna na kitongoji hapa jirani kiitwacho Mpemba. Ndugu zetu wa Pemba wakiliona jina hilo njiani huchangamka sana. Lakini ni jina la hapa hapa, wala halihusiani na kisiwa.)

Mtu anayengoja, na mfukoni ana fedha za safari, ni windo jepesi. Vibanda vya kubeti havikukawia kufika, na baada ya vibanda ikaja simu, ambayo haihitaji kibanda. Mchezaji huchagua michezo kadhaa, akabashiri kila mmoja utakwishaje, na orodha yake hiyo ndiyo waiitayo mkeka. Mchezo mmoja tu ukienda kinyume, husema mkeka umechanika. Sheria ya nchi yetu inauruhusu muamala huo. Iko Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iko na Bodi yake, na aliye chini ya miaka 18 amekatazwa. Mimi sina la kubishana na sheria ya nchi. Naongea na Waislamu wenzangu.

Vijana wetu wana hoja moja wanayoipenda, nami nimeisikia barazani kwangu zaidi ya mara mia. Husema: mjomba, kamari ni kurusha kete, ambapo mtu hajui lolote, hii yetu ni elimu, twawajua wachezaji, twajua nani kaumia na nani kasimamishwa. Sikuwa nikiwajibu kwa aya peke yake, kwa sababu aya wanazijua. Nilikuwa nikichukua kalamu. Tuchukue mfano, nikawaambia, wa timu mbili zilizo sawasawa kabisa. Uadilifu ungekuwa aliyeweka shilingi 1,000 akishinda apewe 2,000. Kampuni haimpi 2,000. Tuseme itampa 1,850. Mmoja akaweka 1,000 upande huu, mwingine 1,000 upande ule, kampuni ikapokea 2,000, ikamlipa mshindi 1,850, na 150 zikabaki kwake, ashinde amtakaye Mungu. Sasa yule kijana hatosheki na mchezo mmoja, anapanga minne kwa pamoja ili tamaa iwe kubwa, na kila mchezo una mkato wake. Kwa hesabu hiyo, katika kila 1,000 anayoiweka, yatarajiwayo kumrudia siku zikiwa nyingi ni kama 732. Akipanga mkeka wa michezo kumi, ni kama 459. Elimu yake ya mpira yaweza kuwa kubwa, lakini amekwisha kutozwa ushuru wa kuingia mlangoni kabla elimu hiyo haijafanya kazi. Wengine walinyamaza. Mmoja akaniambia: mjomba, wewe huna bahati tu.

Ama kuhusu mipira yenyewe, msidhani ni Simba na Yanga, wala wale Waingereza wa Jumamosi. Mpira wa Ulaya ukiisha usiku, simu haifungi duka. Humletea kijana tenisi ya mahali asipopajua, na ikiisha hiyo humletea mpira wa kikapu wa Marekani. Tena si wa watu wazima wanaolipwa, bali wa wanafunzi wa vyuo. Wanafunzi hao wana mashindano yao makubwa kila mwezi wa Machi, timu 68, ukishindwa mara moja umetoka. Kwao inachezwa jioni. Kwetu ni usiku wa manane hata alfajiri. Na mwaka 2024, kwa mzunguko wa miezi yetu, mashindano hayo yaliangukia ndani ya Ramadhani ya mwaka 1445. Vijana walikuwa macho kwa daku, na simu zilikuwa macho pamoja nao.

Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Aliletwa kwangu mwaka 2021 ajifunze biashara, kijana wa adabu, asiyevuta hata sigara. Nilimwacha miaka miwili dukani, kisha tukamfungulia kibanda cha uwakala wa fedha za simu karibu na stendi. Mtaji wake uliungwaungwa: mama yake aliuza bangili mbili za dhahabu alizoolewa nazo, nami nikajazia. Wasioijua kazi hii wafahamu kwamba wakala hukaa na fedha za pande mbili, noti mkononi na salio ndani ya simu, ambalo hapa huitwa floti. Salio hilo ni kidole kimoja tu mbali na kampuni ya kubeti. Haitaki kufungua kasha, haitaki kutoka nje. Muuza mchele akitaka kuucheza mchele wake hana budi auuze kwanza, na katika kuuza huko akili humrudia. Wakala hana kizuizi hicho.

Usiku wa kuamkia Aprili mosi alishinda. Kuna chuo kiitwacho North Carolina State, ambacho hakuna aliyekitarajia kufika mbali mwaka ule, nacho usiku huo kikakifunga chuo cha Duke pointi 76 kwa 64. Kijana wetu alikuwa amekiweka katika mkeka wake pamoja na michezo mingine mitatu, kwa shilingi 20,000. Baada ya kodi akapokea shilingi 610,000. Mimi wakati huo nilikuwa sina habari. Asubuhi yake alimtumia mama yake Tanga shilingi 300,000, akamwambia biashara imebarikiwa, ni kumi la mwisho hili, mama, jinyooshe.

Siku nane baadaye ilikuwa fainali. Chuo cha Connecticut, bingwa wa mwaka uliotangulia, kilikutana na chuo cha Purdue, na Purdue walikuwa na kijana mmoja aitwaye Zach Edey, urefu wake mita 2 na sentimita 24. Mpwa wangu alikuwa amemtazama mrefu huyo majuma matatu, akasadiki moyoni mwake kwamba hakuna awezaye kumzuia. Na kampuni ilikuwa ikiahidi mara tatu na zaidi kwa atakayewachagua Purdue. Akaweka floti. Akaweka na shilingi 700,000 ambazo si zake wala zangu: dereva mmoja alimwachia usiku ule, mtandao ulipokuwa umekatika, azitume asubuhi kwa mkewe Morogoro. Amana ya msafiri, katika kumi la mwisho la Ramadhani.

Mchezo ulianza kwetu saa kumi na dakika ishirini za usiku, wakati wa daku. Mapumziko Connecticut walikuwa mbele, 36 kwa 30. Adhana ya alfajiri ilimkuta katika kipindi cha pili, na msikiti uko hatua mia kutoka kibandani. Yule mrefu alifunga pointi 37 peke yake, zaidi ya nusu ya pointi zote za timu yake. Yaani kijana wetu hakukosea hata kidogo juu ya mtu aliyemtazama. Purdue wakashindwa 75 kwa 60. Elimu ilikuwa sahihi na fedha zikaenda.

Saa mbili asubuhi alikuja dukani kwangu, akasimama bila ya kutoa salamu, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema: "Mjomba, ndani ya simu mna shilingi elfu nne." Dereva alikuwa anamfuata nyuma. Nilimlipa dereva haki yake kutoka katika sanduku la duka, naye hakujua chochote, akaondoka akituombea dua. Kisha nikafunga mlango, tukazungumza.

Sitawaelezea mazungumzo yote. Nitawaelezea jambo moja alilolisema, kwa sababu ndilo lililonifanya niende kutafuta kitabuni. Aliniambia: lakini mjomba, nilipopata nilitoa. Nilimpa mama, nilimnunulia muadhini viatu, nilifuturisha watu kibandani. Hakuwa akisema uongo. Viatu vya muadhini nimeviona kwa macho yangu.

Basi enyi wasomaji, tuirudie maisiri ya Waarabu wa kale, ile iliyotajwa na Qur'ani katika sura ya al-Baqara, aya ya 219, na katika al-Maida, aya za 90 na 91. Wengi wetu hulisoma neno hilo tukadhani ni kurusha kete tu. Haikuwa hivyo. Wafasiri wametueleza namna yake. Watu walimnunua ngamia kwa mkopo, wakamchinja, wakamgawa mafungu 28. Kisha vilitiwa mfukoni vijiti kumi vya mishale. Saba kati yake vilikuwa na mafungu: cha kwanza fungu moja, cha pili mawili, hivyo hivyo hata cha saba, kiitwacho al-mualla, chenye mafungu saba, jumlisha utapata 28. Vijiti vitatu vilikuwa vitupu. Kilichotoka na fungu, mwenyewe alichukua nyama yake. Na waliotokewa na vitupu hawakupata nyama yoyote, kisha wao ndio waliomlipa mwenye ngamia bei yake.

Na hapa ndipo penye ajabu. Waliopata nyama hawakuila. Ilikuwa ni aibu kwao kuila; waliwagawia masikini, khasa siku za baridi na njaa, nao wakasifiwa kwa ukarimu. Aya ile ya al-Baqara haikukanusha jambo hili. Imekiri wazi kwamba katika ulevi na maisiri mna manufaa kwa watu, kisha ikasema madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Mimi nilikuwa nikiisoma aya hii miaka yote bila ya kujiuliza manufaa hayo ni yapi. Ni ile nyama. Masikini amelala njaa, Mwarabu tajiri anamletea paja la ngamia, naye anamwombea dua, wala haulizi ngamia kalipiwa na nani. Kalipiwa na jirani mmoja aliyetokewa na kijiti kitupu, ambaye labda usiku ule naye kwake hakukupikwa.

Ukiifahamu hivyo, utaona ya leo si mageni. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti iitwayo SportPesa ilianza kuzifadhili Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na mwezi wa Julai mwaka huo ikawaleta Everton wa Uingereza katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakacheza na Gor Mahia wa Kenya na kuwafunga 2 kwa 1. Ilikuwa furaha kubwa. Mimi mwenyewe niliufuatia mchezo ule redioni. Nani mwingine angetuletea wageni wale? Serikali nayo hupata kodi, vijana wa vibandani hupata mshahara, timu hupata jezi na basi. Hii yote ni nyama, tena nyama halisi, si ya kubuni. Mwenye kuikanusha hawezi kumfahamisha kijana, kwa sababu kijana anaiona. Swali ni lile lile moja. Kampuni haikuja na ngamia wake kutoka kwao. Kila paja linalogawiwa limetoka kwa watu wa mikeka iliyochanika, na hao tunakaa nao: utingo, muuza machungwa, mwalimu, wakala wa simu.

Wamarekani wenyewe, ambao mipira ni yao, wana kisa kirefu katika jambo hili. Tangu mwaka 1992 walikuwa na sheria iliyoyazuia majimbo yao kuruhusu kubeti michezo, isipokuwa Nevada na kwingine kuchache. Mei 2018 Mahakama yao ya Juu ikaitengua, na majimbo yakafungua milango moja baada ya jingine. Hawakuwa hawajui wafunguacho. Mwaka 1950 chuo kimoja cha jijini New York, City College, kilitwaa vikombe viwili vikubwa vya mpira wa kikapu kwa mwaka mmoja, nchi nzima ikakisifu. Mwaka uliofuata wachezaji wake wakakamatwa, kwa kuwa walikuwa wakipokea fedha za wacheza kamari ili wasiwafunge wenzao kupita kiasi fulani. Kumbe hata si lazima timu ishindwe. Kamari ya kwao hubashiriwa na tofauti ya pointi, na mwanafunzi aweza kuuza pointi tatu nne na bado akashinda kikombe. Na mwezi wa Machi 2024, wiki zile zile mpwa wangu alizokuwa akikesha, mkuu wa shirika la michezo ya vyuo vyao, Charlie Baker, aliyaomba majimbo yapige marufuku kubeti juu ya mchezaji mmoja mmoja, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakisumbuliwa na wenye mikeka. Mtoto wa watu anakosa goli, anarudi bwenini, anakuta matusi ya watu asiowajua. Hebu fikirini: mwanafunzi huko ametukanwa, na kijana Tunduma ameikosa sala ya alfajiri, na wawili hao hawatajuana mpaka siku ya Kiyama.

Narudi Tanga. Dada yangu anakaa Ngamiani, na ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Nilikuwa na hiari ya kunyamaza, na mke wangu alinishauri ninyamaze, kwani Idi ilikuwa kesho yake au kesho kutwa na mama wa watu amekwisha kufurahi. Lakini zile bangili zilikuwa zake, na mtu ana haki ya kujua mali yake iko wapi. Nikampigia simu baada ya Idi, siku ya nne.

Alisikiliza bila ya kunikatiza. Juu ya bangili hakusema neno. Alipozungumza aliuliza: "Mdogo wangu, na zile laki tatu?"

Nikamwuliza zimetumikaje. Akanihesabia. Laki moja na ishirini alifuturishia majirani na wajane wa mtaa kwa siku tisa za mwisho, wali na samaki, na maandazi kwa watoto wa madrasa. Elfu hamsini alimpa maalim wa chuo kwa ajili ya majamvi mapya. Zilizobaki zilikuwa nguo za Idi za wajukuu, na dawa yake ya presha. Hakuna iliyosalia.

Niliwaendea wenye elimu. Imamu wetu hapa alinijibu vizuri, na jawabu lake nilimpelekea dada yangu kama lilivyo. Alisema: mwenye kupokea mali na hajui asili yake, na aliyempa ni mwanawe anayejulikana kuwa na kazi ya halali, hana dhambi katika alichokula wala katika alichotoa. Kama kitu chochote kingalipo baada ya kujua, akitoe kwa wahitaji. Si kwa kutaraji thawabu ya sadaka, bali kwa kujivua, maana Mwenyezi Mungu ni mwema, hakubali ila kilicho chema. Ama yule aliyecheza, juu yake kuna toba, na juu yake kuna deni la watu. Akanikumbusha na kisa cha Sayyidna Abubakar, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipowekeana dau la ngamia na mmoja wa makafiri wa Makka juu ya vita vya Warumi na Waajemi. Dau hilo lilikuwa kabla ya kamari kuharimishwa, na elimu ya Abubakar haikuwa ya kubahatisha bali ilitoka katika Qur'ani yenyewe, mwanzo wa sura ya ar-Rum. Naye alishinda, kwani Warumi walishinda kama ilivyoahidiwa. Pamoja na hayo, katika baadhi ya mapokezi Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwambia azitoe sadaka ngamia zile. Haikuwa mali ya kukaa nayo nyumbani.

Dada yangu akasema: "Nimefahamu kwamba sina dhambi. Wala sikukuuliza dhambi. Nimekuuliza zilikuwa za nani."

Sikuwa na jawabu. Nilimweleza ninavyofahamu mimi: kwamba fedha zile zilitoka kwa watu wengi, elfu mbili huyu, elfu tano yule, pengine wa Mwanza, pengine wa Nakonde, pengine watu asiopata hata kuwaota, na hakuna daftari ambalo mimi au yeye twaweza kulifungua tukasoma majina yao. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema basi nitafutie mmoja huko huko kwenu.

Sikumfahamu mara moja. Alitaka nimtafutie Tunduma nyumba ambayo fedha zimetoka kwa njia hiyo, awe anaipelekea shilingi elfu kumi kwa mwezi mpaka laki tatu zitimie. Nikamwambia hilo hukuwajibishwa, imamu kasema. Akanijibu kwamba amemsikia imamu. Hatuna ada ya kubishana na dada yetu mkubwa.

Haikunichukua muda kuipata. Kuna mama mmoja anayepika karibu na foleni ya malori, mwanamke hodari. Mumewe alikuwa na bodaboda, bodaboda ikauzwa, na mtaa mzima unajua fedha zake zilikwenda wapi. Mwezi wa kwanza nilikwenda mwenyewe na ile noti. Akaniuliza inatoka kwa nani. Nikamwambia kwa mama mmoja wa Tanga. Akasema, huko Tanga mimi namjua nani? Nikamwambia hakuna. Aliikunja, akaitia chini ya kitambaa cha sufuria la wali, akaniuliza kama nitakula.

Mpwa wangu yuko. Kibanda tulikifunga, sasa anachukua mchele kutoka Kamsamba na kuuleta mjini, kazi ambayo mtu hawezi kuifanya kwa kidole. Deni la dereva ananilipa kidogo kidogo, akiruka mwezi mmoja hulipa miwili. Laini ya simu alibadilisha. Baada ya majuma machache kampuni ikaipata na hiyo mpya, ikamwandikia kwamba imempa zawadi ya shilingi elfu moja za kuanzia, bure, atumie kabla ya saa sita usiku. Alinionyesha. Tukautazama ujumbe ule pamoja, kisha akaufuta, akaenda kushusha magunia.

Za dada yangu bado hazijatimia. Kila tarehe tano huingia elfu kumi katika simu yangu, na siku hiyo hiyo huzipeleka.